Nyuzi za 13

Nimelima viazi Uyole tangu nikiwa darasa la nne, kwa hiyo mwaka 2008 nilipokabidhiwa gitaa la kwaya sikuwaza habari ya vidole kuuma. Sugu nilikuwa nazo. Kumbe jembe huotesha sugu kiganjani, pale chini ya vidole, na gitaa linazitaka kwenye ncha, mahali ambapo nilikuwa laini kama mtoto mchanga.

Gitaa lenyewe lilikuwa kavu, yaani lisilotumia umeme, la nyuzi za chuma, limechoka. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, haukuwa hata wa gitaa. Ulikuwa unywele mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Ulilia, ndiyo, ila ulilia kama unadaiwa.

Mwalimu wa kwaya akanipa hela, nikapanda daladala hadi Mwanjelwa. Muuzaji alinitandikia pakiti tatu: nailoni, 11 na 13. Nailoni niliziacha, na hapo sikukosea, maana gitaa lile halikuumbwa kwa nailoni. Kisha nikauliza swali moja tu: zipi zinasikika mpaka mabenchi ya nyuma? Akanisogezea za 13.

Namba hiyo ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi. 13 ni kama theluthi ya milimita. Kati yake na 11 jicho halioni kitu. Kidole kinaona.

Jumapili ile ilikuwa Julai, na anayeijua Mbeya ya Julai anajua baridi ya asubuhi yake. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Wimbo wa kwanza ulikuwa kwenye F, ile kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita. Nikakilaza, nikabana mpaka bega likatetemeka, zikaitika nyuzi mbili. Nyingine zilikohoa. Sauti ya tatu wakageuka kunitazama. Kufika wimbo wa pili ncha za vidole zilikuwa na mifereji, na nikawa nagusagusa tu huku mpiga kayamba akiokoa jahazi.

Baada ya ibada mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa hapo zamani aliniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete hicho kitu."

Alibonyeza uzi wa sita, akaguna. Akageuza gitaa na kulitazama ubavuni, kwenye daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi tumboni, kama anakagua ng'ombe wa mnada. Seti ya 13 ikikazwa sawasawa huvuta kwa zaidi ya kilo 80, na daraja letu lilikuwa limeanza kunyanyuka kwa nyuma. Akalegeza funguo zote kwa nusu sauti, akachukua penseli, akaifunga kwa mpira wa tyubu kwenye freti ya kwanza, kile kichuma cha kwanza shingoni, ili sauti irudi pale pale. Nikajaribu F. Ikaitika, ingawa kwa shida.

"Hiyo ni panadol," akasema. "Kanunue za 11. Na usichukue hizi za manjano. Zinang'aa wiki mbili, zikishaonja jasho zinakuwa bati. Tafuta zenye wekundu."

Za manjano ni shaba iliyochanganywa na zinki. Zenye wekundu zina shaba nyingi zaidi, na bati na fosforasi kidogo. Sauti yake ni ya joto, na huchelewa kuchakaa. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilisema tu ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, nikaanza kutafuta hela. Madebe mawili ya viazi yalienda.

Sauti ilipungua kweli. Mabenchi ya nyuma sidhani kama walipata kila kitu. Lakini F ilitoka nzima, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akauliza kama tumeazima gitaa.

Zile za 13 nilizikunja nikatupa uvunguni. Uzi wa kwanza mama aliuona, akaufunga vijiti viwili miishoni, akawa anakatia sabuni ya mche. Ulikata vizuri sana.