Mche wa pilipili uliolegea

Siku hizi mawazo yangu yako kwenye mche mmoja wa pilipili. Urefu wake hauzidi kidole. Una yale majani mawili ya mwanzo yanayotoka na mbegu, na katikati yake jozi ya majani halisi ndiyo kwanza inafunguka. Umelegea. Majani yameinama, ukijani umepauka, na shina lililokuwa limesimama wima sasa limeegemea ukingo wa kopo.

Ni mara yangu ya kwanza kuotesha kitu kutoka kwenye mbegu, na sikujua kama mmea mdogo kiasi hiki unaweza kumtia mtu simanzi. Mbegu ya pilipili haina haraka. Inapenda udongo wenye joto, nyuzi 25 za selsiasi hivi na zaidi kidogo. Ikikosa joto hilo inaweza kukaa wiki mbili na kupita bila kuonyesha chochote. Ukishasubiri hivyo, kinachochomoza kinakuwa chako kabisa.

Kila niliyemwonyesha alikuwa na ushauri. Mwagilia, una kiu. Tia mbolea, umepauka. Utoe juani, unakosa mwanga. Walisema kwa nia njema, na nawashukuru. Ila wote walitaka niongeze kitu, na mimi mwenyewe mkono ulikuwa umeshafika kwenye kopo la maji kabla sijajiuliza lolote.

Kilichonizuia ni udongo wenyewe. Kwa juu ulikuwa mkavu, umeanza hata kupasuka. Nilipoingiza kidole hadi kiungo cha kwanza nikakuta umelowa, umeshikamana kama udongo wa mfinyanzi, na kopo lilikuwa zito mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nadhani kila anayeanza angepaswa kuambiwa mapema: mche wenye kiu na mche uliozama huonekana sawa kwa macho. Mizizi inavuta hewa kutoka kwenye vijinafasi vilivyo kati ya chembe za udongo. Maji yakijaza vijinafasi vyote, mizizi inakosa hewa, na mzizi uliokosa hewa hauwezi kuvuta maji hata kama umesimama ndani yake. Kwa hiyo majani yananyauka kwa kukosa maji huku chini kumejaa maji. Anayetazama majani tu atamwagilia, na ataumaliza.

Wenzake wawili walioota pamoja nao walikwenda na kinyausi. Ule ugonjwa hauna huruma. Shina linabanwa pale pale linapokutana na udongo, linakuwa jembamba kama uzi, rangi ya kahawia ya majimaji, kisha mche unaanguka ungali na majani mabichi. Wanaosababisha ni kuvu na viumbe wanaofanana nao wanaoishi kwenye udongo, na wanapenda unyevu usiokauka na hewa iliyotuama. Mche ukishabanwa shina, hakuna cha kuokoa. Niliitoa yote miwili na udongo wake, nikaosha lile kopo kwa sabuni. Huu uliobaki niliukagua shingoni kwa mwanga wa tochi: shina lilikuwa gumu, la kijani, halijabanwa popote. Nikapata tumaini.

Kuuhamisha ndiko kulikonitoa jasho. Nilitoboa matundu chini ya kopo jingine dogo, nikachanganya mboji iliyochekechwa na mchanga wa chengachenga ili maji yapite. Dogo kwa makusudi, maana chombo kikubwa kinashika maji mengi kuliko mizizi michache inavyoweza kunywa. Kisha nikauchokonoa mche kwa mpini wa kijiko. Mche mchanga unashikwa kwa jani, si kwa shina. Jani likichanika litaota jingine, shina likipondeka hakuna la pili. Nililishika lile jani la mbegu kati ya vidole viwili, jepesi mno, na chini yake ikaning'inia mizizi.

Niliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Mingine ilikuwa ya kahawia, laini. Niliigusa, ngozi ikachubuka, ukabaki uzi mwembamba wa ndani. Hiyo ilishaoza. Lakini karibu na shina palikuwa na mitatu myeupe, imara, na mmoja ulikuwa na vinyweleo vidogo vilivyoshika chembe za udongo. Basi nikaupanda. Udongo niliukandamiza kidogo tu, nikauweka kwenye sinia lenye maji ya kina kifupi ili unyonye kutoka chini, na uso wa udongo uliponyevuka nikautoa, nikaacha maji yaliyozidi yachuruzike.

Mbolea sikuitia, ingawa ndiyo niliyosisitizwa zaidi. Mche wa umri huu bado unategemea majani ya mbegu, na chumvi za mbolea kwenye mizizi iliyojeruhiwa zinaunguza ncha za majani. Majani halisi yakikomaa na mengine yakianza kufuata, hapo nitaanza na mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo. Rangi nayo inasema kitu: umanjano ukianzia majani ya chini mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, ukianzia majani mapya huku mishipa ikibaki kijani ni upungufu wa chuma. Wangu umepauka wote kwa pamoja, jambo linalorudisha lawama kwa mizizi.

Mwanga nimeupa, ila si jua kali la mchana. Upo mahali panapoingia jua la asubuhi, na hewa inapita. Nageuza kopo kila siku ili shina lisipinde kuelekea upande mmoja.

Kilichobaki ni kutofanya kitu, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizotaja. Nikipita naunyanyua, nausikilizia uzito. Ukiwa mzito naurudisha. Jana jioni majani yalikuwa bado yameinama. Leo asubuhi moja ya yale majani halisi limejinyoosha likalala sambamba na ardhi, na katikati ya jozi hiyo kuna ncha ya kijani kibichi, ndogo kuliko punje ya mtama, ambayo jana haikuwepo. Majani ya mbegu yanaendelea kuwa ya manjano, na hayo sitayakata. Yatadondoka yenyewe yakimaliza kazi yake. Kopo bado zito. Maji sitayatia hadi litakapokuwa jepesi.