Kutu ilitoka melini

Ukiendesha trela la wazi Marekani kwa leseni yako mwenyewe ya uchukuzi, mzigo ukilowa unaanza kutazamwa wewe. Marekebisho ya Carmack ya 1906, sheria ya Marekani ya mizigo inayoharibika njiani, yanambana mchukuzi hata kama hakuzembea: mwenye mali akionyesha kwamba mzigo ulipakiwa mzima, ukafika umeharibika, na hasara yake ni kiasi gani, kazi ya kujitetea ni yako. Kusema mvua ilikuwa kubwa hakusaidii. Turubai umebeba la nini?

Mimi nilidaiwa kwa koili za chuma, yaani bamba za chuma zilizoviringishwa, zilizoshushwa melini, nilizopakia bandarini Houston kupeleka kiwandani Arkansas. Mpokeaji alizikataa mbili, akaandika kwenye hati ya mzigo "zimelowa, zina kutu", na dalali aliyenipatia mzigo akazuia malipo ya safari nzima siku hiyohiyo. Kuzuia hawachelewi, kulipa ndiko kuna foleni.

Bahati nzuri, kabla ya kusaini hati kule Houston nilikuwa nimeandika juu yake: karatasi ya kufungia imechanika, kingo zina kutu. Karani alinuna, akataka hati safi. Nikamwambia bila maandishi hayo sipakii. Nilipiga picha pia, koili zikiwa wazi, turubai likiwa limefungwa, na tena uwanjani kwa mpokeaji kabla halijafunguliwa, likiwa halina hata tundu.

Barua ya madai ilipokuja, nilikiri kwa maandishi kuipokea. Kanuni zinatoa siku 30 kwa hilo, na 120 za kulipa, kukataa au kutoa ofa. Kukataa mikono mitupu sikutaka. Nikaiomba bima itume mkaguzi aipime kutu kwa kemikali ya nitrati ya fedha. Tone likigeuka jeupe kama maziwa, kuna kloridi, na kloridi hiyo kwa kawaida ni ya chumvi. Likageuka. Maji ya mvua hayana chumvi ya kiasi hicho, na ilikuwa Juni, hakuna anayemwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Chumvi ile ilikuwa ya bahari, ya melini.

Nilituma hati, picha na ripoti pamoja. Dai likaondolewa, dalali akalipa.

Majira ya baridi ni kesi nyingine. Koili iliyopoa sana huko Indiana ikifika kwenye joto la unyevu la Alabama hutoa jasho chini ya turubai kavu, na chumvi ya barabarani huvuruga kipimo. Mizigo hiyo naibeba nikiwa nimeandika halijoto ya pande zote mbili.