Mfereji wangu wa dhahabu: Jumamosi saba na vipande ishirini vya risasi

Jumamosi ya 1 na ya 2

Sina mengi ya kuandika hapa kwa sababu nilikuwa mjinga. Nilipanda matatu Kisumu nikiwa na karai, koleo na sururu, nikafika kwa Senje, shangazi yangu, upande wa Ikolomani, Kakamega, nikaanza kuchimba pale palipokuwa rahisi: katikati ya kijito, kwenye mchanga laini. Niliosha makarai kama arobaini, nikapata chembe tatu za dhahabu. Ningepiga chafya zingepotea zote.

Jambo moja kabla sijasahau. Shamba ni la Senje, lakini madini yaliyomo si yake wala si yangu. Katiba inayahesabu kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji mdogo awe na kibali. Kwa hiyo naosha na kikundi cha kijijini chenye kibali, na nusu ya ninayoyaandika hapa nimefundishwa nao.

Jumamosi ya 3

Mama mmoja wa kikundi alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unatafuta dhahabu ama unatafuta mchanga wa kujengea?" Akanishika mkono hadi kwenye kona ya kijito, upande wa ndani, nyuma ya jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Akasema nichimbe hapo hadi koleo ligonge mwamba, na nikifika kwenye mwamba nisiache, nikwangue nyufa kwa kijiko.

Karai la kwanza kutoka kwenye ufa lilikuwa na chembe tano.

Usiku huo nilikaa kupiga hesabu. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, na kokoto la kawaida, lile jeupe la kwatsi, mara 2.65 hivi. Ukitoa ule uzito ambao maji yanaubeba, unabaki na 18.3 dhidi ya 1.65. Yaani ndani ya maji chembe ya dhahabu inalemea takriban mara 11 ya kokoto la ukubwa uleule. Mvua kubwa ikishusha mafuriko, changarawe yote ya kijito hutikisika na kusogea, na dhahabu hupenya katikati ya mawe kwenda chini, chini zaidi, hadi ikutane na kitu kisichopitika: mwamba, au tabaka la udongo mfinyanzi uliokaza. Na popote maji yanapopunguza mwendo, kama ndani ya kona, nyuma ya jiwe, au pale kijito kinapopanuka, dhahabu ndiyo ya kwanza kushuka. Mchanga laini niliokuwa nikiuchimba ulikuwa wa juu juu tu, uliletwa na maji ya juzi.

Hata wale waliomiminika Kakamega baada ya dhahabu kuonekana 1931 walianza mitoni na makarai, kisha wakaifuata kupanda mlima hadi kwenye mishipa ya mawe ilikotoka. Rosterman, mgodi uliovuma kuliko mingine huku, ulifungwa 1952. Mvua haijafungwa. Bado inamomonyoa vilima na kutuletea makombo.

Jumamosi ya 4

Mfereji wa kuoshea changarawe uko tayari. Mbao za sanduku, urefu mita 1.2, upana sentimita 25. Sakafuni nimetandika zulia kuukuu, na juu yake mbavu kumi za chuma cha pembe zilizokatwa na fundi wa jua kali Kibuye. Mbavu zinakaa kukingama na maji: maji yakiruka ubavu hujikunja nyuma yake na kuzunguka, na katika mzunguko huo mchanga mwepesi hutupwa nje, mzito hubaki. Juu ya mdomo wa mfereji nimeweka chekecheo ili mawe makubwa yasiingie, maana jiwe moja likikwama huchimba shimo nyuma yake na kuondoka na kila kitu.

Nilivutiwa sana na kazi yangu. Niliuinamisha mwinuko wa kutosha, maji yakapita kwa kelele nzuri, nikaosha ndoo 30. Chembe nane. Nikajiambia labda kona imeisha.

Jumamosi ya 5

Hii ndiyo siku ya maana katika kumbukumbu hii.

Kisumu nilinunua risasi, ile metali nzito ya kuzamishia nyavu za samaki. Risasi ina uzito mara 11.3 ya maji, kwa hiyo ni nyepesi kuliko dhahabu: mfereji ukiishika risasi, dhahabu utaishika zaidi. Nilikata vipande 20 vya ukubwa wa punje ya wimbi, nikavigonga kwa nyundo viwe bapa kama chembe zetu zilivyo, nikavipaka rangi nyekundu ya kucha (ya mke wangu, na tumelizungumza hilo). Nikavichanganya kwenye ndoo moja ya changarawe, nikaosha.

Vilivyobaki mferejini: 9.

Kumi na kimoja vimepita vikaenda zao. Na mimi nilikuwa nimelaumu kona!

Nikachukua pimamaji na kuanza upya. Mteremko wangu ulikuwa sentimita 13 kwa kila mita. Nikaushusha hadi 8: vikabaki 17. Nikaushusha hadi 5: mbavu zikajaa mchanga ukakaza kama saruji, vikateleza juu yake, nikapata 12. Nikarudi kwenye 8, nikapunguza maji kidogo hadi yapite juu ya mbavu bila kurukaruka, na nikaacha kumwaga ndoo nzima kwa pupa. Vikabaki 19. Kimoja hadi leo sijakiona.

Jumamosi ya 6

Kuosha zulia ndani ya ndoo, kisha karai. Mchanga mweusi ni mwingi, kwa sababu nao ni mzito. Baada ya kuukausha, sumaku ya spika mbovu huondoa sehemu kubwa. Chembe nyembamba huelea juu ya maji kama vumbi. Tone moja la sabuni ya vyombo huzizamisha. Kinachong'aa nikikigonga kikivunjika, nakitupa: dhahabu hulalia nyundo, haipasuki.

Jirani alinipa zebaki ya kunasia dhahabu ili nimalize upesi. Nilikataa. Akiichoma, mvuke wake unaingia mapafuni mwake na mwa watoto wanaocheza hapo, na inayomwagika inashuka mto Yala hadi ziwani, kwenye samaki ninaokula mimi. Karai linachelewesha, sawa, nichelewe.

Jumamosi ya 7

Nimekuja na mpango: kuosha tena lile lundo la mchanga wa Jumamosi ya 4, ule uliopita kwenye mteremko mkali. Ndoo nne za kwanza zimenipa chembe 11, zaidi ya siku ile nzima. Nikarudi na toroli kuchukua zilizobaki, nikakuta lundo limepungua kwa zaidi ya nusu.

"Senje, mchanga wangu umeenda wapi?"

"Ule uliotupa? Nimekandikia jiko, mwanangu. Ni mchanga mzuri sana."

Nimeenda kuutazama ukuta. Umenyooka kweli, na umeshakauka.