Namna nilivyopata kipimo cha mapigo ya moyo cha bei nafuu hapa Dodoma

Huniudhi sana kusikia kwamba kipimo cha mapigo ya moyo kinachoaminika ni cha wenye fedha nyingi. Nina umri wa miaka 52, daktari alikwisha kunishauri nifanye mazoezi ya wastani, na karibu kila niliyemuuliza alinijibu kwamba ama ninunue saa ya laki kadhaa, ama niachane na mambo hayo. Leo natumia mkanda wa kifuani ambao haukufika laki moja, ukiwa umeunganishwa na simu yangu ya kawaida, na namba zake naziamini.

Katika duka moja la katikati ya mji, muuzaji alinisihi nichukue saa ya mkononi: "Mzee wangu, hii inapima kila kitu, mpaka presha." Mpwa wangu alikuwa na saa ya aina hiyohiyo, nikaiazima kabla ya kutoa hela yangu. Alfajiri, jua likiwa bado halijawa kali, nikaenda nayo kwenye barabara inayopanda kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilipokuwa natembea ilisoma vizuri. Nilipoanza kukimbia taratibu, ikaruka hadi 164 na kung'ang'ania hapo, ilhali nilikuwa nazungumza na mwenzangu bila kuhema. Nikasimama, nikaweka vidole viwili shingoni, pembeni ya koromeo, na kuhesabu kwa sekunde 15: mapigo 31, ambayo ukizidisha kwa nne unapata 124. Moyo huanza kutulia mtu anaposimama, lakini kushuka mapigo 40 papo hapo haikuniingia akilini. Nikarudi kukimbia, safari hii nikihesabu hatua. Katika nusu dakika nilipiga hatua 82, yaani 164 kwa dakika! Nikafupisha hatua na kuziharakisha kidogo, na namba ya saa ikapanda kuzifuata. Saa ilikuwa inahesabu miguu yangu. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ningependa kila mnunuzi alifanye kabla hajalipa.

Saa ya mkononi humulika ngozi kwa mwanga, mara nyingi wa kijani, na kusoma jinsi damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa kila moyo unapopiga. Mkono unapotikiswa na mbio, mdundo wa hatua huweza kuufunika ule wa moyo. Mkanda wa kifuani hunasa umeme wa moyo wenyewe, kama kile kipimo cha hospitali ambacho mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanza kutengeneza vipimo visivyo na waya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina mkanda wa H10 unaosifiwa sana, lakini bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bajeti yangu. Nikachukua wa kutoka China, baada ya kuhakikisha kwamba unatumia Bluetooth na kwamba kifaa chake hubanduka ili kitambaa kifuliwe.

Ukavu wa Dodoma una usumbufu wake. Miezi ya upepo, jasho hukauka kabla halijalowesha vile vibao vya ndani vinavyogusa ngozi, na fulana ya nailoni inayopeperuka juu ya mkanda huzalisha umeme unaovuruga namba. Lowesha vibao kwa maji kabla ya kuvaa, kaza mkanda chini kidogo ya kifua, kisha vaa fulana ya pamba.

Kwa kukadiria kiwango cha juu kabisa cha mapigo ya moyo wangu kwa dakika, nilitoa umri wangu kwenye 220 nikapata 168. Mazoezi ya wastani ni kati ya asilimia 50 na 70 ya hapo, yaani mapigo 84 hadi 118, hivyo nikifika 124 napunguza mwendo. Kaka yangu anatumia dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, na hesabu hii haimfai kabisa. Mtu wa namna hiyo apewe kiwango chake na daktari.

Ukimaliza mazoezi, bandua kifaa kwenye kitambaa, kwa kuwa kikiachwa kwenye unyevu huendelea kuwaka na kumaliza betri. Wangu hutumia betri ya CR2032, ambayo mafundi saa wa hapa mjini wanaiuza kwa elfu chache tu.