Maji ya Dunga na simu ya GB 2

Miezi minne sasa natengeneza gemu ya uvuvi, mtu anatoka Dunga, ufuo wa Kisumu, na mtumbwi jioni anaingia Ziwa Victoria, na karibu nusu ya hiyo miezi imeishia kwa maji tu. Nilitaka yaakisi jua likizama vile tunaliona pale beach, so nikafungua Unreal Engine 5, injini (programu ya kutengenezea gemu), nikawasha Lumen ya mwanga, Nanite ya mawe na gugumaji, na kwa kompyuta ya rafiki yangu iko na kadi kali ya michoro ya RTX ikatoka poa hadi tukanyamaza wote wawili.

Alafu nikatengeneza toleo la simu. Nilikuwa nimeshatoa mengi, nikabakisha vivuli laivu, yaani vinavyopigwa hesabu papo hapo ukicheza, na yale maji, nikamwekea mtoto wa dada yangu kwa simu yake ya RAM GB 2. "Anko, mbona mtumbwi unarukaruka?" Kuangalia, fremu (picha) 9 kwa sekunde, na baada ya dakika tano hiyo simu huwezi kuishika, imechemka. Ukitaka fremu 60 simu iko na milisekunde 16 na kitu ya kuchora kila picha, na maji yangu peke yake yalikuwa yanakula hiyo yote na kuzidi.

Watu husema shida ya sisi watengenezaji wadogo ni pesa ya injini, na mimi naona hapana. Unreal ni bure mpaka gemu iingize dola milioni 1 ndio waanze kukata asilimia 5, Godot, injini nyingine, na Blender ya kuchorea 3D ni bure kabisa. Gharama iko kwa mkono wa mchezaji. Picha moja ya ukuta ya pikseli 4096 kwa 4096 isipobanwa ni MB 64, ya 1024 ni MB 4, na huyu mtu anadownload gemu kwa bando ya siku.

Lakini siwezi kukubali kwamba tuachie hiyo teknolojia studio kubwa, hapo nakataa kabisa. Angalia Valheim, timu ndogo ya Sweden, 2021, mapicha yake ni ya chenga makusudi lakini mwanga wake wa kisasa, gemu nzima karibu GB 1, na ikauza kopi milioni 5 kwa kama mwezi hivi. Walichagua mahali pa kutumia nguvu.

Kwa hivyo mimi nimehamisha kazi ngumu kwa mashine yangu. Mwanga wa jioni naupiga kwa Blender na Cycles, kile kichoraji chake, inafuata mwale mmoja mmoja wa mwanga usiku mzima nikiwa nimelala, asubuhi napata picha imeshika rangi na vivuli vyote, simu inaibandika tu. Gugumaji ni picha bapa. Maji ni picha ya anga inayosogea polepole. Kwa ile ile simu tumefika fremu 40.

Ubaya ni jua langu sasa halizami, limesimama pale pale, na hiyo inaniuma kwa sababu ndio nilianzia. Nimepiga picha mbili, ya jioni na ya usiku, na ya usiku ni ya wavuvi wa omena (dagaa). Taa yao juu ya maji ndio mwanga mmoja nimeuacha laivu, ukipiga kasia unatikisika.