Siku moja maishani mwangu: Afisa Elimu Kata

Saa 11 alfajiri nishaamka, kishikwambi kiko kwenye chaji na napakua moduli za MEWAKA kutoka LMS (mfumo wa kujifunzia mtandaoni) ya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, mana shule ninayoenda leo mtandao unazunguka tu haufungui kitu. Kwa asiyejua, MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani mwalimu anajifunza hapohapo shuleni kwake na wenzake, sio kuitwa ukumbini mjini siku tatu, anarudi na cheti halafu darasani mambo yako vilevile. Wilaya yetu imekuwa ikishika mkia kwenye matokeo na mimi naamini hapa ndipo itakapoinukia.

Saa 12 na nusu niko kwenye pikipiki. Hizi tulipewa maafisa elimu kata 2018 na kwa kweli zimesaidia sana, shule za mbali sasa zinatembelewa.

Saa 2 niko darasa la pili, nimekaa dawati la nyuma na watoto. Wamejaa kweli, tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wanakuja na ni jambo jema kabisa, ila walimu na madarasa havijaongezeka kwa mwendo ule. Binti mmoja kanisomea ukurasa mzima bila kukwama, nikafunika picha na sentensi nikabakiza neno "analima" peke yake, kimya. Kakariri ukurasa. Mwalimu wake anajituma sana, sauti haimkauki, lakini darasa linapoitikia kwa pamoja hawezi kujua nani anasoma na nani anafuata mdomo wa mwenzake. Tumekubaliana kila siku asikilize watoto watano, mmojammoja, na ajaze kwenye daftari sauti ya herufi gani inamshinda nani.

Saa 4 chai. Saa 5 hadi saa 7 napitia madaftari ya hesabu ya darasa la tatu.

Saa 8 na nusu, watoto wadogo wameshaondoka, tunakaa Jumuiya ya Ujifunzaji, yaani kikao cha MEWAKA cha walimu wa shule kujifunza pamoja. Hii ndo saa ninayoipenda. Mwalimu wa hesabu alijirekodi kwa kishikwambi akifundisha kutoa kwa kukopa (hivi vishikwambi vilitumika kwenye sensa ya 2022 ndo vikaja kwa walimu), tukaangalia wote. Swali 52 kutoa 27, watoto wengi wameandika 35. Mwalimu mmoja akasema hawa hawajui kutoa, mwingine akamjibu hapana madam, angalia vizuri, wanatoa 2 kwenye 7 kwa sababu wanaambiwa huwezi kutoa namba kubwa kwenye ndogo, basi wanageuza. Mjadala ukawaka! Tukachukua vijiti, tukafunga mafungu ya kumikumi, mafungu matano na vijiti viwili pembeni, kila mwalimu akajaribu kutoa 27 akaona mwenyewe kwamba lazima ufungue fungu moja. Halafu mwenye video akarudisha nyuma akasema jamani mbona nimeuliza maswali upande wa dirishani tu. Hakuna aliyemwambia, kaona mwenyewe. Mkaguzi angeandika hivyo kwenye ripoti ingekuwa ugomvi.

Ndo mana nasema kishikwambi kikifungiwa kabatini kisije kikapotea hakina faida, na hata kikiwashwa bila wenzako kukaa na wewe mkajadili hakimfundishi mtoto. Na mwalimu mkuu lazima awepo kwenye kikao, asipokaa yeye wiki mbili tu jumuiya inakufa. Wa hapa anakaa, anaandika, anauliza.

Saa 11 jioni niko njiani, saa 12 nyumbani najaza taarifa ya wilaya. Nimeomba mwalimu wa darasa la kwanza na la pili asihamishwe katikati ya mwaka, mana hilo limeturudisha nyuma mara nyingi kuliko ukosefu wa vitabu.

Saa 2 usiku grupu la WhatsApp la kata linawaka. Mwalimu wa hesabu katuma andalio la kesho, vijiti vipo. Nimemjibu: Mwalimu, hongera, ila usianze na 52, anza na 32 kutoa 15 wapate mafungu machache ya kushika, na swali la kwanza mpe mtoto wa upande wa ukutani. Kajibu sawa Mratibu, na video nitarekodi tena.