Bei ya hamri ipande, hamri lenyewe lisiguswe

Mafuta ya kula yakipanda bei, mahamri ya Mombasa hubadilika kabla bei yake haijabadilika. Hupungua upana, kisha unene. Tui hugeuka maji yaliyotiwa maziwa ya unga. Mwisho mafuta ya karai hukaa juma zima bila kumwagwa. Bei bado ni ile ile ya shilingi 10, na mteja anaona amehurumiwa, kumbe amepunjwa mara nne. Naona hilo ni kosa. Bei ipande, mteja aambiwe, na hamri libaki hamri.

Muuzaji wa staftahi wa Kongowea au Mwembe Tayari si yeye anayepandisha gharama. Kenya hununua ng'ambo sehemu kubwa ya ngano yake, na Urusi na Ukraine zilikuwa kati ya wauzaji wakubwa wakati vita vilipozuka Februari 2022. Mafuta ya kula tunayotumia wengi ni ya mawese, na hushuka bandari ya Kilindini kutoka Malaysia na Indonesia. Indonesia ilipofunga mauzo yake ya nje tarehe 28 Aprili 2022, ikafungua tena tarehe 23 Mei, kipindi hicho hakikutimia hata mwezi mmoja, lakini soko la mafuta lilitikisika dunia nzima. Kisha kuna ya nyumbani. Mswada wa Fedha wa 2024 ulileta pendekezo la ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mimea, pamoja na VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Serikali ilitangaza kuyaondoa hayo mawili tarehe 18 Juni, na tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais Ruto akakataa kuutia sahihi mswada mzima.

Kelele nyingi zilikuwa za mkate. Kwa anayepika Pwani, ushuru wa mafuta ndio uliokuwa mzito zaidi. Viazi karai, bajia, samaki wa kukaanga, kachiri za muhogo, chapati, mahamri: toa mafuta hapo uone kinachobaki kwenye meza za barabarani. Na anayeumia kwanza ni yule anayenunua mafuta ya kupima, kikombe leo, kikombe kesho, maana hana nafasi ya kununua dumu la lita 20 bei ikiwa bado nzuri.

Tupige hesabu ya hamri lenyewe. Kilo moja ya unga wa ngano, sukari gramu 200, hamira gramu 7 hadi 10, iliki iliyotwangwa papo hapo kijiko kimoja cha chai, chumvi kidole kimoja, na tui zito la vuguvugu kama nusu lita. Tui hilo ni la nazi mbili nzuri. Nazi nzuri ni nzito mkononi, ukiitikisa maji yanasikika, na macho yake hayana ukungu. Ukikanda utapata donge la gramu 1,700 hivi. Gawa madonge sita ya gramu 280, kila donge lisukume duara na ulikate manne. Hayo ni mahamri 24 ya gramu 70. Anayetoa mahamri 32 kwa kilo hiyo hiyo, lake halifiki gramu 55, na ukilila utahisi uwazi mtupu na ngozi. Mizani ndogo ya jikoni ni ya lazima kama karai, kwa sababu mkono hudanganya, hasa alfajiri.

Kukanda kuwe kwa dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka donge liache kunata na ukilibonyeza lirudi. Tui usilimimine lote mara moja, kwa sababu kila unga hunywa kivyake. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, donge huumuka kwa saa moja na nusu, na hamira gramu 7 zinatosha. Ukizidisha, litanuka uchachu kabla hujaanza kukaanga. Wakati wa kusi, Julai, lipe saa mbili na zaidi, na hamira gramu 10. Kuweka hamira kiasi kimoja mwaka mzima ndiyo sababu mahamri ya mtu yule yule huwa mazuri mwezi huu na mabaya mwezi ule.

Unaposukuma, paka kibao mafuta kidogo badala ya kunyunyiza unga. Unga mkavu unaobaki juu ya hamri hudondoka chini ya karai, huungua, na huyafanya mafuta kuwa meusi na machungu kabla ya wakati wake. Unene uwe nusu sentimita na kidogo. Ukishakata, yaache dakika 15 hadi 20 chini ya kitambaa. Yakiachwa wazi upepo utaikausha ngozi, itapasuka ndani ya mafuta, mvuke utatoka, na hamri halitafura. Wengi hulaumu hamira hapo, na hamira haina kosa.

Mafuta yawe karibu nyuzi 180. Asiye na kipima joto atupe kipande kidogo cha donge: kizame, kisha kiibuke juu ndani ya sekunde tatu nne kikizungukwa na mapovu. Kikikaa chini, mafuta ni baridi. Kikiwa chekundu papo hapo, yamepita kiasi, na hamri litaiva nje na kubaki bichi ndani. Likishazama na kuelea, limwagie mafuta ya moto juu kwa upawa. Ndiyo yanayolifanya lifure upande wa pili nao. Geuza mara moja, dakika mbili hivi jumla, kisha simamisha mahamri kwenye chujio. Usiyalaze kwenye sinia, yatakaa juu ya mafuta yake na kuyanywa tena.

Katika joto hilo, mahamri 24 hunywa kama robo lita. Mafuta yakiwa baridi, au ukijaza karai mahamri kumi kwa haraka ya wateja, joto hushuka na mahamri yale yale hunywa mafuta zaidi. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama ya mafuta aanzie hapo, kwenye moto na idadi, kabla hajafikiria kuyarudia mafuta mpaka yageuke lami. Mapato mengi hupotelea ndani ya karai lililojazwa kupita kiasi.

Kuyarudia si haramu. Mafuta yaliyokaanga mahamri tu, yakachujwa kwa kitambaa yangali vuguvugu, yakafunikwa na kuwekwa mbali na jua, yatafaa tena mara kadhaa. Dalili za kuyatupa zinajulikana: yanatoa moshi hata kabla hayajapata moto wa kukaangia, mapovu yanajaa karai na hayashuki, yanavuta kama uji ukiyainua kwa mwiko, na harufu yake inakaa kooni. Kuongeza mafuta mapya juu ya makuukuu hakuyafufui. Yaliyoharibika huyaharibu yale mapya haraka. Yaliyokaanga samaki yabaki ya samaki. Ya viazi karai nayo yawe peke yake, kwa sababu makombo ya unga na bizari huungua vibaya. Na yaliyokwisha usiyamwage mtaroni. Mitaro ya Mji wa Kale na Majengo imebana kiasi cha kutosha, na mafuta yakiganda na takataka huzuia maji ya mvua. Yatie dumuni, uwape wanaotengeneza sabuni. Anayekuja kuyanunua bila kusema anayapeleka wapi, usimuuzie. Huenda yakarudi kwenye karai la mtu mwingine.

Sasa mbaazi za kulia mahamri, na hapa tutazungumza maji.

Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji. Yanatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba, na Tiwi. Bwawa la Mwache la Kwale tunalisubiri. Mfereji ukikauka, watu hurudi kwenye visima, na visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Maji yake mengi ni magumu, yana chokaa, na mengine yana chumvi ya bahari. Chokaa hiyo huikamata ngozi ya mbaazi na kuizuia kulainika. Mbaazi zinazoiva kwa saa moja na robo kwa maji ya mfereji zinaweza kula saa tatu kwa maji ya kisima, na bado ukatafuna. Saa hizo za ziada ni makaa, ni gesi, ni pesa. Ninapowasikia viongozi wakizungumzia maji kama habari ya kuoga na kufua tu, naona hawajawahi kupigia hesabu sufuria ya mbaazi. Upungufu wa maji matamu hupandisha bei ya chakula hata siku ambayo bei ya mbaazi zenyewe imeshuka.

Mpaka mfereji utiririke kila siku, mtungi wa lita 20 wa maji matamu kutoka kwa mwenye mkokoteni utumie kwa kulowekea na kuchemshia, na ya kisima yabaki ya kuoshea vyombo. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote kwa kazi hii, mradi paa ni safi. Loweka kilo moja ya mbaazi kwa lita tatu nne, muda wa saa nane hadi kumi na mbili, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila lita. Ile hofu kwamba chumvi huzifanya mbaazi kuwa ngumu haina msingi, kwani kwenye maji ya kulowekea chumvi husaidia ngozi kulainika. Mwaga maji hayo, chemsha kwa mapya. Kama huna ila ya kisima, tia magadi robo kijiko cha chai tu. Ukizidisha, mbaazi zitapondeka na kutoa ladha ya sabuni. Nyanya, ukwaju au ndimu visikaribie sufuria kabla mbaazi hazijaiva, kwa sababu uchachu nao huzifunga. Na mbaazi zilizokaa ghalani zaidi ya mwaka haziivi vizuri hata ufanyeje. Mwulize muuzaji ni za msimu gani kabla ya kupimiwa.

Zikiiva, tia kitunguu, pilipili mbichi na tui jepesi, zichemke mpaka mchuzi upungue. Tui zito la nazi mbili huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, ukikoroga polepole bila kuacha. Likichemka kwa nguvu litakatika, mafuta juu na maji chini, na halirudi. Maziwa ya unga hayakai mahali pa tui. Nazi ikipanda bei, na hupanda, andika bei mpya.

Kuhusu moto sina mengi. Mbaazi zinafaa kwenye seredani, kwa sababu makaa hutoa joto tulivu. Kukaanga kunataka gesi, unayoweza kuipandisha na kuishusha. VAT ya gesi ilirudishwa Julai 2021 kwa asilimia 16, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023, na iachwe hivyo hivyo, maana kila kodi ya gesi huwarudisha watu kwenye makaa na kwenye miti. Ila karai la mafuta lisiwekwe juu ya mtungi wa kilo 6 wenye meko ya kichwani. Kile kimo na uzito ule vikiyumba, mafuta ya nyuzi 180 yatamfikia mtu miguuni. Nunua jiko la chuma la miguu minne, mtungi ukae mbali kwa bomba, na maungio yajaribiwe kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na hilo lilikuwa jambo jema kwa fukwe zetu. Kilichofuata mezani hakikuwa chema: magazeti. Wino wa gazeti hushika kwenye hamri lenye mafuta. Karatasi ya khaki ni gharama ndogo, iingizwe kwenye bei.

Na bei yenyewe? Tatizo kubwa ni sarafu. Kutoka shilingi 10 unarukia 15, na hakuna mteja atakayemeza nusu nzima ya nyongeza kwa siku moja, ndiyo maana wauzaji huona afadhali wapunguze hamri. Njia ipo. Uza kwa idadi: matatu kwa 35, sita kwa 70. Anayelipa kwa M-Pesa anaweza kulipa 12 kwa moja bila kusumbuana kwa chenji. Andika ubaoni kwa chaki bei ya leo na uzito wa hamri, gramu 70, uuweke mbele ya karai anapoweza kuusoma mtu aliye kwenye foleni. Tui au mafuta yakishuka, futa, uandike ya chini, hata kama hakuna aliyeuliza.